Nyumba Yenye Watu Tisa Inapotakiwa Kuuzwa

Kuuza nyumba tupu si kazi kubwa. Kuuza nyumba ambayo ndani yake watu tisa wanalala, wanapika, wanafua na kugombea choo kila alfajiri ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, nyumba nyingi zinazouzwa katika miji yetu ni za namna hiyo. Baba amestaafu na anataka kurudi Songea au Bukoba. Wazazi wamefariki na warithi wanataka kugawana. Au familia imezidi vyumba vyake, nayo inataka kuuza Magomeni ili ikajenge Kibaha au Chanika. Hakuna mahali pa kutangulia kuhamia, maana fedha ya kuhamia ndiyo hiyo itakayotokana na nyumba. Hivyo mnunuzi atakapobisha hodi atakuta sufuria i motoni na watoto wamejaa ukumbini, na hapana budi nyumba iandaliwe huku maisha yakiendelea.

Wengi huanza na rangi. Ushauri wangu ni kwamba uanze na kikao cha watu wa nyumbani, tena kabla dalali hajasikia neno.

Kikao hicho si adabu tu, bali ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 59, inasema kwamba mume au mke anayemiliki nyumba ambayo ndiyo maskani ya ndoa hawezi kuiuza, kuiweka rehani, kuipangisha wala kuitoa zawadi bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa ingali hai. Haijalishi jina lililoandikwa kwenye hati ni la nani. Mke ambaye hakuulizwa anaweza kuweka zuio, na hapo ndipo mambo huharibika: malipo ya awali yamekwisha kupokewa, nusu yake imeshanunua saruji na mabati ya huko kunakohamiwa, na mnunuzi anadai ama nyumba ama fedha yake. Baba mwenye nyumba, ambaye jana alikuwa mtu wa heshima mtaani, sasa ni mdaiwa. Tafadhali, mzee mwenzangu, usimfiche mama watoto. Na kama wake ni wawili, kila mmoja ana la kusema kuhusu nyumba anayoishi.

Kwa nyumba ya urithi, tahadhari ni kubwa zaidi. Kaka mkubwa hawi muuzaji kwa sababu ya ukubwa wake. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye huuza kwa niaba ya warithi wote, pamoja na yule dada aliyeolewa Tabora ambaye watu husema eti ameshapata kwake. Mwiteni, au mpigieni simu, asikie bei kwa masikio yake mwenyewe.

Halafu yuko bibi. Katika familia nyingi yeye ndiye aliyeuza vitumbua hadi kiwanja kikapatikana, ingawa hakuna karatasi inayolitaja jina lake. Anataka kujua mambo mawili: atalala wapi, na nani atamwangalia huko. Mjibuni kwa maneno yaliyo wazi. Ikiwa nyumba ni ya wenyeji wa pwani na marehemu amezikwa pale pale uani, jambo hilo pia lizungumzwe mapema na mnunuzi aonyeshwe kaburi siku ya kwanza, si siku ya kutia sahihi. Wapo wanunuzi watakaoahidi kuliacha na kuruhusu ndugu waje kuzuru. Ahadi hiyo iandikwe katika mkataba. Kuhamisha kaburi kunahitaji kibali cha wenye mamlaka, wala si kazi ya kibarua na sururu.

Baada ya kikao, toa sanduku la karatasi chini ya kitanda. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachouza basi ni haki yako ya kukitumia kiwanja, pamoja na jengo ulilolisimamisha juu yake. Haki hiyo inaonekana kwenye hati, au kwenye leseni ya makazi, au kwa wengi wa maeneo yasiyopimwa, kwenye karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa miaka mingi iliyopita. Itazame vizuri. Je, jina ni lako, au la mtu aliyekuuzia ambaye hamkubadilisha kamwe? Hati ilitolewa kwa miaka mingapi, 33, 66 au 99, na imebaki mingapi? Stakabadhi za kodi ya ardhi zipo? Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kupitia umeme wa LUKU, lakini ile ya ardhi ina njia yake, na deni lake huibuka wakati wa kuhamisha umiliki. Ni heri kulilipa sasa kuliko kulikuta likipunguza bei mbele ya mnunuzi.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Ukiwa na fedha kidogo, usiitumie kwenye rangi ya mbele. Itumie kwanza juu na chini, yaani bati na choo. Mnunuzi mwenye akili huinua macho kwenye dari kutafuta madoa ya kahawia, kisha huuliza choo kilinyonywa lini. Bati moja lililotoboka hubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini doa lake darini humfanya mgeni adhani kenchi zote zimeoza. Bisha miimo ya milango kwa kidole. Ikitoa sauti ya utupu, mchwa wamo. Ukuta ulionyonya maji kutoka chini, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za tofali za mwambao, ukipakwa rangi leo utavimba na kubanduka baada ya majuma machache, labda siku ile ile mnunuzi anaporudi na mkewe. Kwangua, acha ukauke, elekeza maji ya paa mbali na msingi, ndipo upake. Kazi hiyo ifanyike kabla ya masika ya Machi.

Ufa usifichwe kwa kalenda. Nimeziona kalenda hizo, na wanunuzi nao wanazifahamu. Vivyo hivyo kuhusu maji: kama nyumba iko karibu na bonde la Msimbazi, kila mtu mjini anakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, naye mgeni atauliza yalifika wapi. Mwonyeshe alama ukutani. Jirani atamwambia hata hivyo, tena kwa kuongeza.

Lililo gumu kuliko yote ni kuishi ndani ya nyumba inayotazamwa. Akina mama ndio hubeba mzigo huu, kwa kuwa dalali hupiga simu saa sita mchana kusema yuko njiani na mteja, wakati ambapo dagaa wako kikaangoni na nguo za watu tisa zimetanda uani. Ikataeni desturi hiyo. Mwambieni dalali kwamba nyumba inaonekana siku mbili kwa juma, kwa mfano Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, na zaidi ya hapo atoe taarifa ya siku moja. Mnunuzi wa kweli atakuja. Anayesema lazima aione sasa hivi mara nyingi hana hata nauli ya kurudia.

Katika nyumba yetu ya vyumba sita, mgeni huiona korido kwanza. Humo mna baiskeli isiyo na gurudumu, madumu ya maji, gunia la mkaa na kabati la vyombo lililopunguza njia hadi watu wapishane kwa ubavu. Ondoa vitu hivyo na korido itapanuka pasipo kubomoa kitu. Msisubiri siku ya kuhama ndipo muamue kipi kiende kijijini, kipi auziwe fundi wa vyuma na kipi apewe jirani. Amueni sasa, chumba kimoja kila Jumapili, na kila mtoto akabidhiwe sanduku moja la vitu vyake ambavyo hakuna atakayevigusa. Moshi wa jiko uliochora ukuta usuguliwe kwa sabuni na brashi. Taa zinazowaka ziwe zinawaka kweli. Watoto wasifukuzwe kama kuku mgeni anapofika. Wakae ukumbini na madaftari yao. Nyumba yenye watoto wanaosoma kwa utulivu haijapata kumkimbiza mnunuzi.

Na kwa kuwa tumewataja, angalieni kalenda ya shule. Mwenye mtoto wa darasa la saba au wa kidato cha nne asikubali tarehe ya kuhama inayoangukia siku za mtihani. Mwombeni mnunuzi mwezi mmoja zaidi, nanyi mpunguzieni bei kidogo kwa hisani hiyo.

Wapangaji nao ni watu wa nyumba hiyo. Ikiwa fundi cherehani wa chumba cha mbele amelipa kodi ya miezi sita, miezi hiyo ni yake. Ama mnunuzi ampokee pamoja na nyumba, ama mumrudishie fedha iliyosalia na kumpa muda wa kutafuta pengine. Kumtolea vyombo nje usiku ni aibu, tena huleta kesi.

Kuhusu bei, msitegemee uvumi wa kijiweni. Mthamini aliyesajiliwa atawatoza ada, lakini atawapa tarakimu ya kushikilia. Kumbukeni pia kodi ya faida ya mauzo: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, ila makazi binafsi yaliyomilikiwa na kukaliwa kwa miaka mitatu au zaidi husamehewa iwapo faida haizidi shilingi milioni 15. Stakabadhi za saruji, mabati na mafundi ndizo zitakazoonyesha gharama yenu, basi zitunzeni. Ulizeni viwango katika ofisi ya kodi kabla ya kukubaliana, kwani hubadilika.

Dalali apewe nakala ya hati, asipewe hati yenyewe. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, mwenzi atie sahihi ya ridhaa, na fedha ipite benki. Siku ya makabidhiano andikeni namba za mita ya maji na ya umeme, mlipe bili ya mwisho, mkabidhi funguo zote, pamoja na ule wa mlango wa uani ambao kwa kawaida huwa kwa bibi.