Jeli Asiyesema Sana: Uigizaji wa Sotigui Kouyaté Jukwaani na Kwenye Televisheni

Sotigui Kouyaté (1936–2010) alizaliwa Bamako, akakulia nchi ambayo leo ni Burkina Faso, na kufariki Paris. Ukoo wake ni wa majeli, ambao Wafaransa huwaita griot: watu ambao, kwa kazi ya kurithi miongoni mwa Wamandinka, hutunza nasaba, husimulia historia na kusuluhisha ugomvi. Kwa sababu hiyo, utulivu wake jukwaani umezoeleka kuelezwa kwa nasaba yake. Maelezo hayo yana ukweli, lakini yanaifuta kazi aliyoifanya.

Kouyaté, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya kandanda ya Upper Volta, aliingia katika sanaa za maonyesho akiwa mtu mzima, katika miaka ya 1960. Mwaka 1985, Peter Brook alipoonyesha Mahabharata kwa Kifaransa katika machimbo ya mawe ya Boulbon, karibu na Avignon, Kouyaté aliyeigiza Bhishma alikuwa na tajriba ya karibu miongo miwili. Onyesho lilichukua saa tisa. Toleo la televisheni la 1989 lilikuwa la Kiingereza, na kamera ilimsogelea usoni. Machimboni, mwili wake mrefu uliosimama kimya ulipaswa kuonekana kutoka mbali. Kwenye televisheni, uzito uleule ulipaswa kubebwa na macho. Badiliko kama hilo halirithiwi, hufanyiwa kazi.

Aidha, sanaa ya jeli ni ya maneno mengi, ilhali Kouyaté alisifika kwa kujizuia. Katika filamu ya London River, iliyompatia tuzo ya Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2009, anaigiza Ousmane, mzee anayemtafuta mwanawe baada ya mashambulizi ya London ya Julai 2005. Huzuni ya Ousmane hukaa zaidi katika mwendo wake kuliko katika kauli zake.

Ni katika Keïta! (1995), filamu ya mwanawe Dani Kouyaté, ndipo anapoigiza jeli hasa, anayemsimulia mtoto wa shule habari za Sundiata. Hapo anasema sana, na tofauti na Ousmane inasikika wazi.