Kipupwe Kikibisha Hodi, Teleka Boko Boko

Watu wa bara wakimsikia mtu wa Mombasa akilalamika kwa baridi, hucheka hadi wakashika mbavu. Wao kule Nairobi, katika kimo cha zaidi ya mita 1,600, usiku wa Julai hulala katika baridi ya nyuzi kama 12, na hapa kwetu usiku huo huo ni nyuzi kama 20. Lakini baridi, ndugu msomaji, haipimwi kwa nyuzi peke yake. Mwili uliozoea jua la Machi, na nyumba iliyojengwa ipitishe upepo, haviwezi kuustahimili upepo wa kusi unaokuja na manyunyu kutoka baharini. Ndipo wazee wanapoanza kujitanda shuka na kukohoa, na ndipo sufuria ya nyama inapopata heshima yake.

Kila nyumba ina chakula chake cha siku hizo. Wako wapendao supu ya miguu ya mbuzi yenye ndimu na pilipili, na wako wasioshiba mpaka wapate mchuzi wa nyama na mkate wa mofa. Mimi leo nataka kuzungumzia boko boko, kwani ndiyo iliyomrudisha baba yangu kwenye mkeka wa chakula.

Baba alihamia kwetu Kibokoni baada ya mama kufariki. Kipupwe kilipoingia mwaka huo, akaanza kukataa chakula cha usiku. Nikipika pilau, alikula wali na kuziacha nyama kando ya sahani. Nikikaanga nyama, alisema ameshiba. Mwishowe akawa akirudi kutoka msikitini baada ya Isha, huchukua kikombe chake cha chai ya tangawizi akaingia chumbani. Nilidhani ni majonzi. Nikamsihi, nikambembeleza, na siku moja nikamsemea kwa ukali, Mwenyezi Mungu anisamehe. Wanangu wakazoea kula bila babu yao.

Shangazi alipokuja kututembelea kutoka Lamu, hakumaliza siku mbili akaniita jikoni.

"Mwanangu," akasema, "babako hakukosa hamu. Amekosa meno. Naye aona haya kutafunatafuna mbele ya wajukuu."

Nilinyamaza. Magego yake yalikuwa yameng'oka moja baada ya moja, nami niliyekuwa nikimfulia kanzu na kuzipiga pasi sikuwa nimeona.

Usiku ule ule tukaroweka ngano.

Boko boko ni jamaa ya haris ya Waarabu, nacho ni chakula cha kale sana. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 10, kimekwisha kukitaja. Na mwezi wa Desemba 2023, UNESCO iliitia haris katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu, kwa maombi ya Umoja wa Falme za Kiarabu, Omani na Saudia. Kwetu Pwani huonekana katika harusi na sikukuu, hata wengine hudhani si chakula cha siku za kawaida. Hilo ni kosa.

Watu saba au wanane hutoshwa na nusu kilo ya ngano iliyotwangwa ikatolewa maganda, na kilo moja ya nyama ya mguu pamoja na mifupa yake. Usiende buchani kutafuta sarara, hiyo hukauka. Nyama ya mguu ni ngumu kwa sababu mnyama huutumia mguu kila siku, nayo imejaa kano. Lakini ikikaa sana juu ya moto mdogo, ule ugumu huyeyuka ukawa ute mzito, ndio huo uufanyao mchuzi ugande ukipoa. Kwa hivyo nyama ya bei nafuu ndiyo ifaayo zaidi.

Ngano iroweke usiku kucha. Siku ya pili teleka nyama katika maji mengi, uondoe povu, kisha utie chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, iliki na kijiti cha mdalasini. Nyama ikianza kulainika, tia ngano, punguza moto, na uiache kwa muda wa saa tatu au zaidi. Usiende mbali, koroga mara kwa mara isishike chini, na maji yakipungua ongeza ya moto. Hatimaye toa mifupa na mdalasini, ushike mwiko uponde na kusonga mpaka nyama iwe nyuzi nyuzi, isijulikane ipi nyama na ipi ngano. Pakua katika sinia, fanya kishimo katikati, umimine samli iliyokaangiwa vitunguu. Aliyekatazwa mafuta na daktari apewe kidogo.

Jioni ile Baba aliporudi kutoka msikitini, shangazi alimkuta mlangoni. "Kaka, njoo. Ni boko boko."

Alisita, kisha akavua viatu. Sote tulikaa kwenye sinia moja, wakubwa kwa wadogo, na hapakuwa na aliyetafuna, kwani hapakuwa na cha kutafuna. Baba alikula polepole. Sinia lilipofika nusu, akamgeukia mwanangu mdogo akamwambia, "Hebu nisogezee samli."

Tangu siku hiyo, kila kipupwe nyumba yetu huroweka ngano usiku wa kuamkia Ijumaa. Nawe msomaji, ikiwa una mzee nyumbani anayesema ameshiba kabla ya kula, usimkaripie kama nilivyofanya mimi. Mtazame kwanza anavyotafuna, kisha teleka sufuria.