Deni Siyo Lako Ila Jina ni Lako: Namna ya Kusafisha Taarifa Zako za Mikopo

Umeomba mkopo wa kuongeza mzigo. Biashara inaenda, oda za WhatsApp zinaingia, na hudaiwi na mtu. Jibu linarudi: "Hujakidhi vigezo." Unajaribu sehemu nyingine, jibu ni lilelile.

Mdau, kabla hujasema una nuksi, kuna kitu cha kuangalia. Huenda kuna mtu alishakopa kwa jina lako, akala hela, akapotea. Deni limebaki na wewe.

Leo tuliongelee hilo taratibu. Kama hutakumbuka kingine chochote, kumbuka hiki: taarifa mbaya ya mkopo haifutwi na mtu mwenye koneksheni. Inasahihishwa na yuleyule aliyeipeleka, yaani mkopeshaji. Ukilijua hilo hutazungushwa, na hutaliwa hela.

JINA LAKO LINAANDIKWA WAPI?

Hapa Tanzania, Benki Kuu (BoT) ilitoa kanuni za taasisi za taarifa za wakopaji mwaka 2012. Kampuni za mwanzo kupewa leseni ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet. Benki na wakopeshaji wanapeleka huko taarifa zako: ulikopa kiasi gani, lini, umelipa au umechelewa. Ukienda kuomba mkopo mpya, wanafungua faili lako na kusoma.

Zingatia kwamba kampuni hizi haziamui nani apewe mkopo. Wao wanatunza kile walichopelekewa. Kama mkopeshaji amepeleka kwamba unadaiwa laki tatu, wao wataandika laki tatu. Ndiyo maana ukiwapigia na kulia tu kwenye simu hawawezi kukufutia. Watamuuliza mkopeshaji kwanza.

MTU ANAKOPAJE KWA JINA LANGU?

Zamani kukopa kulitaka barua, picha na mwenyekiti wa kijiji. Tangu huduma kama M-Pawa zianze mwaka 2014, mkopo mdogo unapatikana kwa kubonyeza simu. Laini ndiyo imekuwa fomu ya mkopo. Na laini imefungwa na namba yako ya NIDA na alama ya kidole chako.

Kuna mama mmoja hapa Busi anauza viatu vya mtumba kwenye statasi. Alikuja dukani kwangu na taarifa yake ya mikopo tuisome wote. Ndani kulikuwa na mkopo uliotoka kwenye namba ambayo hajawahi kuiona. Tulipofuatilia, akakumbuka kijana wa mwavuli aliyemsajilia laini mnadani. Alimwambia, "Mama, mashine imegoma, rudia kidole." Akarudia. Kidole cha kwanza kilikuwa cha laini yake. Cha pili kilisajili laini ya mtu mwingine kwa jina lake.

Huyo mama alikuwa anatafuta mtaji wa kufunga robota mbili kabla ya msimu wa mavuno, watu wa huku wakiwa na hela ya alizeti na dengu. Msimu ukiisha, mtaji unaokuja baadaye haumsaidii. Hasara ya jina kuchafuka iko hapo. Siyo laki tatu ya deni, ni msimu mzima uliokupita.

KWANZA JUA UNA TATIZO GANI

Usikurupuke. Kuna hali nne na kila moja ina dawa yake.

1. Deni ni lako na hujalipa. Hapo hakuna cha kufuta. Lipa au omba kupangiwa upya. Kama ulimdhamini mtu kwenye kikundi akakimbia, soma mkataba uliosaini, huenda na wewe umo.

2. Deni lilikuwa lako, umelipa, ila bado linasoma unadaiwa. Hili ni jepesi. Nenda kwa mkopeshaji na risiti, omba barua ya kumaliza deni, na umtake apeleke taarifa mpya.

3. Deni siyo lako kabisa. Huu ni utapeli, na sehemu kubwa ya makala hii ni yako.

4. Unapata meseji za kudaiwa tu. Hii haimaanishi jina lako limechafuka. Laini iliyoachwa huweza kurudishwa sokoni na kuuzwa upya, na huenda mwenye namba wa zamani ndiye anayetafutwa. Angalia taarifa yako kwanza ndiyo uhangaike.

HATUA KWA HATUA KWA DENI LISILO LAKO

Hatua ya 1: Pata taarifa yako mkononi.
Aliyekukatalia mkopo muulize swali moja: "Mmesoma taarifa zangu kutoka kampuni gani?" Kisha iombe kampuni hiyo nakala ya taarifa yako. Ulizia gharama mapema. Ukiipata usisome jumla ya deni tu. Andika pembeni jina la mkopeshaji, tarehe ya mkopo, kiasi, na namba ya simu au akaunti iliyotumika. Bila hivyo vitu vinne utakuwa unalalamika tu, na malalamiko matupu hayafanyiwi kazi.

Hatua ya 2: Piga *106#.
Chagua sehemu ya kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama una laini za mitandao tofauti, rudia kwenye kila moja. Ukiona namba usiyoijua, piga picha ya skrini ikionyesha tarehe.

Hapa wengi wanakosea mpangilio. Wanakimbilia kuifuta hiyo namba hapohapo. Ngoja. Hiyo namba ndiyo ushahidi wako. Hakikisha umeiandika na umepiga picha. Kisha nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, waambie siyo yako, na uombe maandishi au namba ya malalamiko kabla hawajaiondoa kwenye jina lako.

Hatua ya 3: Nenda polisi, chukua RB.
Kwa sisi wa vijijini ni nauli ya kwenda mjini na siku nzima duka limefungwa. Lakini mkopeshaji anasikia kila siku watu wanaokana madeni yao ya kweli. RB ndiyo inakutofautisha na hao. Panga safari moja: duka la mtandao, polisi na kutoa kopi za vitambulisho, vyote siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Mwandikie mkopeshaji.
Simu haitoshi, maana simu haina kumbukumbu mkononi mwako. Andika hivi, unaweza kunakili:

"Kwa Meneja. YAH: KUPINGA DENI LISILO LANGU. Mimi ........., mwenye namba ya NIDA ........., nimeona kwenye taarifa yangu ya mikopo ya tarehe ......... mkopo wa shilingi ......... uliotolewa na taasisi yenu tarehe ......... kupitia namba ya simu .......... Mkopo huu sikuuomba wala sikuupokea, na namba hiyo siyo yangu. Nimetoa taarifa polisi, RB namba .......... Naomba: kwanza, mnionyeshe maombi ya mkopo huo na namba au akaunti fedha zilipoingia. Pili, mfanye uchunguzi, na kwa muda huo taarifa yangu ionyeshe kuwa deni hili linapingwa. Tatu, mkithibitisha siyo langu, mpeleke masahihisho kote mlikopeleka taarifa na mnipe barua. Nimeambatanisha vielelezo."

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri na tarehe. Ukituma kwa barua pepe, usifute. Nakala nyingine itume kwa kampuni ya taarifa za mikopo, nao wajue kuna mgogoro.

Hatua ya 5: Omba taarifa mpya.
Ukiambiwa "tumeshashughulikia," sema asante, halafu hakikisha. Chukua taarifa mpya usome mwenyewe. Kama jina lako lilipelekwa kwenye kampuni zaidi ya moja, angalia kote. Kusafishwa sehemu moja siyo kusafishwa kote.

WAKIKAA KIMYA JE?

Kama ni benki au mkopeshaji mwenye leseni, BoT inapokea malalamiko ya wateja, na ofisi yake ipo Dodoma. Kama tatizo ni laini kusajiliwa kwa jina lako na mtandao hausikii, nenda TCRA. Wana ofisi ya Kanda ya Kati hapohapo Dodoma.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inakupa haki ya kutaka taarifa zako zisizo sahihi zirekebishwe, na Tume inayoisimamia inapokea malalamiko. Huko kote watakuuliza kitu kimoja: "Ulianza kwa mkopeshaji? Alikujibu nini?" Ndiyo utaona faida ya ile nakala yenye muhuri.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza: "Tunafuta deni, elfu hamsini tu."
Huyo hana ufunguo wowote. Atachukua hela, kopi ya kitambulisho na namba yako ya NIDA, na hapo umempa vifaa vya kukukopea tena. Meseji za namna hiyo zipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu. Ni bora dakika mbili za kuripoti kuliko kumtukana halafu akahamia kwa mwenzako.

Mtego wa pili: "Lipa tu yaishe."
Najua inavutia, hasa deni likiwa dogo na wewe una haraka ya mzigo. Lakini ukilipa deni lisilo lako, taarifa itasoma kwamba ulikopa, ukachelewa, ukalipa. Umelikubali. Kesho ukisema halikuwa lako, utaulizwa mbona ulilipa.

Mtego wa tatu: aplikesheni zinazotisha.
Novemba 2024 BoT ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wengine hupigia watu walio kwenye simu yako, wakiwemo wateja wako, na kukutangaza kuwa ni tapeli. Kwa muuzaji wa mtandaoni hilo ni kuua duka, maana tunauza kwa kuaminiwa. Ukipigiwa na mtu wa namna hiyo kuhusu mkopo usioujua, usijibizane. Tunza meseji, muulize jina la kampuni na leseni, ripoti. Na wateja wako waambie mapema wewe mwenyewe, kwa ufupi: "Kuna watu wanatumia jina langu, nimeshatoa taarifa polisi." Wakisikia kwako kwanza, yule mtu atakuwa amechelewa.

UKISHAMALIZA, FUNGUA KUFULI ULILOJIWEKEA

Hili watu hawaliongelei. Ulipogundua utapeli, huenda uliomba akaunti izuiwe, laini ifungwe, au mkopeshaji aweke alama kwamba jina lako lina tatizo. Vizuri sana, ulijikinga. Lakini kufuli likisahaulika linakuzuia wewe mwenyewe. Unaomba mkopo, mfumo unaona alama, maombi yanakwama, na unaanza kumtafuta mchawi wakati kufuli ni lako.

Marekani wana utaratibu rasmi wa hili. Aliyeibiwa jina anaweka alama ya tahadhari kwenye faili lake. Akiiweka kwenye kampuni moja kati ya tatu kubwa (Equifax, Experian na TransUnion), hiyo moja inawajulisha wenzake. Alama ya kawaida inakaa mwaka mmoja kisha inaisha. Lakini akitaka kuiondoa kabla ya hapo, lazima aende kampuni moja moja. Kuweka ni mara moja, kuondoa ni mara tatu.

Funzo kwetu ni lilelile. Kila mahali ulipoomba kuzuiwa, paandike kwenye daftari: wapi, tarehe gani, ulihudumiwa na nani. Siku ukimaliza, rudi kwenye kila mstari uombe kufunguliwa. Ila usifungue mapema. Fungua baada ya haya matatu: namba ngeni imeondoka kwenye *106#, taarifa mpya ya mikopo iko safi, na namba zako za siri umezibadilisha zote. Ukifungua huku tundu bado lipo, mwizi atapita palepale.

KUANZIA SASA

Piga *106# kila mwezi, siku unayofunga hesabu za duka. Sajili laini kwenye duka la mtandao au kwa wakala unayemjua na unayejua anapokaa. Ukiambiwa rudia kidole, uliza kwanza cha mwanzo kimesajili nini, kisha angalia mwenyewe kabla hujaondoka. Kopi ya kitambulisho unayompa mtu, iandike juu kwa peni: "Kwa ajili ya .......... tu," na tarehe.

Na usisubiri mpaka siku ya kutafuta mtaji ndiyo uangalie jina lako. Angalia sasa, kabla msimu haujafika, ukiwa na muda wa kuzunguka ofisini. Kusahihisha kunachukua wiki, wakati mwingine zaidi, na mzigo haungoji.

Mtumie hii mfanyabiashara mwenzako aliyekataliwa mkopo bila kuambiwa sababu. Halafu wewe mwenyewe, kabla hujafunga simu, piga *106#. Ukikuta namba usiyoijua, hatua ya kwanza unaijua: usiifute, iandike.