Makabidhiano ya Akaunti za Mtandaoni: Kufuta Programu si Kufunga Akaunti

Katibu wa chama cha msingi anapoacha kazi, wanaushirika wanafahamu la kufanya. Hukabidhi daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi, muhuri, mizani, funguo za ghala na za sefu. Benki nayo hupelekewa barua ya kubadilisha watia saini. Vyama vikuu vilipovunjwa tarehe 14 Mei 1976, na viliporudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982, vitu vya kukabidhiana vilionekana kwa macho: vinu vya kuchambulia pamba, maghala, malori. Siku hizi sehemu ya mali ya chama haionekani. Imo ndani ya simu ya katibu, nayo ni nadra kuandikwa katika hati ya makabidhiano.

Mali hiyo ni barua pepe ya chama, kundi la WhatsApp la wanachama, ukurasa wa Facebook, pamoja na namba ya simu ambayo wanachama wameizoea. Katika akaunti hizo zimo orodha za wakulima na kilo zao, namba za vitambulisho vya Taifa, namba za simu zinazopokea malipo ya pamba, na picha za hati zilizotumwa kwa haraka msimu ulipokuwa umechanganya. Simu hiyo ikiuzwa, au ikiachwa kwa fundi bila kutayarishwa, yote hayo huondoka nayo.

Hapa mjini Mwanza, katika mitaa ya kata ya Mirongo na jirani zake, simu za mkono wa pili hununuliwa na kuuzwa kila siku. Hatusemi kwamba wafanyabiashara hao si waaminifu. Wengi wao hutafuta riziki kwa haki. Tunasema kwamba mnunuzi hana wajibu wa kulinda siri ambazo muuzaji mwenyewe hakuzilinda.

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kudhani kwamba kuiondoa programu katika simu ni kuifunga akaunti. Programu ni mlango tu, ilhali akaunti iko kwenye mitambo ya kampuni, mbali na simu yako. Ukiiondoa programu ya WhatsApp bila kufuta akaunti, jina na picha yako hubaki katika makundi, na wanachama huendelea kukuandikia wakidhani utawasoma. Tena, kama akaunti hiyo iliwahi kuunganishwa na kompyuta ya ofisi au ya duka la kuchapishia, kompyuta hiyo haifungwi siku ile ile. WhatsApp hukubali vifaa vinne kuunganishwa na simu moja, na vifaa hivyo huweza kutumika hata simu ikiwa imezimwa. Ni mpaka simu isipotumika kwa zaidi ya siku 14 ndipo hukatwa vyenyewe. Siku 14 katikati ya msimu wa kununua pamba zinatosha kabisa kuleta madhara.

Basi kazi ifanywe kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio jambo lenye uzito kuliko yote katika makala haya. Watu wengi huanza na laini: huitoa, huitupa, kisha hukumbuka mengine. Matokeo yake ni kwamba kila akaunti wanayotaka kuifunga huwataka waandike tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwenye laini ile ile waliyoitupa. Laini na barua pepe ni funguo za milango mingine yote, kwa hiyo hufungwa mwisho.

Jambo la kwanza ni kuhifadhi kumbukumbu. Google ina njia ya kupakua nakala ya barua na mafaili yote ya akaunti. WhatsApp nayo huruhusu mazungumzo kutolewa na kuwekwa kama faili. Nakala iwekwe kwenye kompyuta ya chama au diski ambayo mtunzaji wake anajulikana, na yale yanayohusu fedha yachapishwe na kuingizwa kwenye jalada. Hapa hatuna budi kusema wazi: kufunga akaunti kusigeuzwe kuwa njia ya kuficha hesabu. Kama wakaguzi wa COASCO hawajamaliza kazi yao, au kuna mgogoro kati ya mwanachama na chama, akaunti yenye ushahidi isifutwe mpaka Bodi iwe imeridhika kwamba nakala kamili ipo. Kinachofutwa baada ya muda hakirudi, hata Mrajis akikitaka.

Baada ya nakala, wanachama wajulishwe kwa tangazo ubaoni na katika mkutano, si kwa ujumbe wa simu peke yake. Sababu ni rahisi. Nchi nzima inazifahamu meseji za matapeli zinazoomba kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Mwanachama akipokea ujumbe kwamba namba ya chama imebadilika, atajuaje kama umetoka kwa katibu au kwa tapeli? Tangazo lenye muhuri litamjulisha. Namba za matapeli zipelekwe kwa meseji kwenda 15040.

Kisha kundi la WhatsApp. Kabla ya kutoka, katibu amteue kiongozi mwingine wa kundi, mwenye idhini ya Bodi, asije akaachia programu yenyewe ijichagulie. Kama kinachobadilika ni namba tu, wala si mtu, hakuna haja ya kufuta akaunti. Ndani ya mipangilio mna sehemu ya kubadilisha namba, nayo huhamisha makundi yote kwenda namba mpya. Lakini kama akaunti inafungwa kweli, fungua kwanza sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, tazama orodha, na ukitoe kimoja kimoja. Orodha hiyo yenyewe ni funzo, kwa maana huonyesha kila kifaa na mara ya mwisho kilipotumika, na wengine wamegundua humo kompyuta wasiyoikumbuka. Hapo ndipo uingie katika mipangilio, sehemu ya akaunti, uchague kufuta akaunti na uandike namba yako kuthibitisha. Kampuni husema kwamba huenda ikachukua hadi siku 90 kuondoa taarifa zote katika mitambo yake.

Facebook ina tabia yake. Ukiomba akaunti ifutwe, husubiri siku 30, na ukiingia tena ndani ya muda huo unaweza kulifuta ombi lako mwenyewe. Simu ya zamani iliyoachwa wazi mikononi mwa mtu mwingine yaweza kuirudisha akaunti bila wewe kujua. Kwa sababu hiyo, vifaa vitolewe kabla ya kuomba, wala si baadaye. Ukurasa wa chama usifutwe pamoja na akaunti ya mtu. Apewe kwanza kiongozi mwingine mamlaka juu yake.

Kuhusu mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, maelezo ni mafupi. Akaunti ya chama humo haifungwi kwa sababu katibu ameondoka. Afisa Ushirika ajulishwe kwa maandishi ili mtumiaji wa zamani aondolewe na mpya aingizwe. Neno la siri halirithishwi kwa kunong'onezana, kwani likirithishwa hivyo hakuna atakayeweza kusema ni nani aliyeandika kilo za uongo.

Barua pepe ndiyo inayofuata, na tunashauri vyama visiifunge bali viikabidhi. Katibu mpya abadilishe neno la siri, abadilishe namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti, na aingie katika sehemu ya usalama ambako Google huonyesha vifaa vyote vilivyomo, akaviondoe visivyo vya chama. Kubadilisha neno la siri na kuiacha namba ya zamani ya kurejeshea ni sawa na kubadilisha kufuli na kumwachia mpangaji wa zamani ufunguo wa akiba. Na pale ambapo lazima ifungwe, hakikisheni kwanza kwamba hakuna akaunti nyingine inayoitegemea.

Simu sasa iko tayari kusafishwa. Toeni laini na kadi ya kumbukumbu. Ondoeni akaunti ya Google katika mipangilio ya simu, halafu mwirudishe katika hali ya kiwandani. Simu nyingi za Android zikifutwa kwa kubonyeza vitufe bila akaunti kuondolewa, humdai mnunuzi neno la siri la mwenye simu wa kwanza. Ndipo hupigiwa simu muuzaji usiku na kuombwa neno hilo, naye hulitaja kwa huruma. Msilitaje, arudishiwe fedha au alete simu.

Laini hubaki ya mwisho. Tangu usajili wa alama za vidole uliofanyika mwaka 2019 na 2020, laini nyingi za vyama zimesajiliwa kwa kitambulisho cha katibu binafsi, jambo ambalo si jema. Chama ni mtu mbele ya sheria na kinaweza kusajili laini kwa jina lake. Laini ya katibu anayeondoka itolewe salio lote la fedha, kisha ifungwe katika duka la kampuni kwa kitambulisho chake. Isiachwe ife yenyewe, kwa kuwa namba isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa tena, na mnunuzi mpya ndiye atakayepokea tarakimu za uthibitisho za akaunti zilizosahauliwa. Kwa kupiga *106# kila mtu anaweza kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mabenki, si ya chama chenye mizani moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, na chama chenye daftari la wanachama kinazikusanya.

Katika muhtasari wa kikao cha Bodi kitakachopokea makabidhiano, katibu aandike jina la kila akaunti, tarehe iliyofungwa au iliyokabidhiwa, vifaa vilivyoondolewa, mahali nakala ilipo, na aliyeshuhudia. Neno la siri lisiandikwe humo kamwe. Mwezi mmoja baadaye, mjumbe mmoja ajaribu kuitafuta akaunti iliyofungwa, na matokeo yaandikwe katika muhtasari unaofuata.