Kesi ya Mtoto Huamuliwa Kwenye Kaunta ya Polisi

Mwaka 1992, katika mji mdogo wa Robertson nchini Afrika Kusini, mvulana wa miaka 13 alikamatwa pamoja na wenzake kwa kuvunja duka na kuiba peremende, krispi na soda. Polisi walimtia seli. Kabla kesi yake haijasikilizwa, mahabusu waliokuwa naye humo walimpiga mpaka akafa.

Kifo hicho kikawa hoja kuu ya waliokuwa wakidai sheria mpya ya watoto. Mwaka huohuo shirika la NICRO, lililozoea kuwasaidia wafungwa na familia zao, lilianzisha mipango ya kuwaondoa watoto kwenye mkondo wa mashtaka. Sheria yenyewe ilichelewa: ilipitishwa mwaka 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2010. Tangu hapo, mtoto anayekamatwa huonwa na afisa wa ustawi, kisha ndani ya saa 48 hupelekwa kwenye kikao cha awali mbele ya hakimu. Jambo mojawapo kubwa linaloamuliwa hapo ni kama kuna haja ya kesi hata kidogo.

Wazo ni rahisi kulieleza. Mtoto anayekubali kosa lake hupewa mpango wa kulirekebisha badala ya kufunguliwa kesi. Akiutimiza, mashtaka huishia hapo na jina lake halichafuki. Akiupuuza, anaweza kurudishwa mahakamani. Anayekana kosa haguswi na mpango huo. Ana haki ya kusikilizwa na mahakama, maana si halali kumlazimisha mtoto akiri jambo ambalo hakulitenda ili tu arudi nyumbani.

Kenya imefika huko kwa njia ndefu. Kwa miongo mingi mtoto wa miaka 8 alihesabiwa kuwa mkubwa wa kutosha kushtakiwa, kanuni iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Imani kwamba mtoto hunyooshwa kwa kufungiwa nayo ni ya enzi hizo: kituo cha Wamumu, katika eneo la Kirinyaga, kilianza miaka ya 1950 kama kambi ya vijana waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau, kisha kikageuzwa shule ya kurekebisha tabia. Kwa miaka mingi vituo vya aina hiyo viliwachanganya watoto walioiba na watoto ambao kosa lao lilikuwa kukosa wazazi au kulala mitaani.

Sheria ya Watoto iliyoanza kutumika Julai 2022 ilipandisha umri huo hadi miaka 12. Mwenye miaka 12 hadi 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo. Sheria hiyo pia imetaja wazi yanayoweza kufanywa badala ya kesi. Mmoja ataomba radhi kwa maandishi. Mwingine ataamriwa kuhudhuria shule bila kukosa, au kupata ushauri nasaha, au kutokanyaga mahali fulani. Mwingine atarudisha alichokichukua, ama atamfidia aliyeibiwa. Familia zote mbili zinaweza kuitwa kikao kimoja, na huko aliyekosewa hupata nafasi ambayo mahakamani huwa finyu sana: kumweleza mtoto ana kwa ana hasara aliyomsababishia.

Wapo wanaoona huko ni kumdekeza mhalifu. Ushahidi mzuri wa kuwajibu umetoka Chicago, jiji lililoanzisha mahakama ya kwanza ya watoto nchini Marekani mwaka 1899. Wachumi wawili, Anna Aizer na Joseph Doyle, walifuatilia kumbukumbu za vijana zaidi ya 35,000 waliofikishwa mahakamani huko. Walitumia jambo moja la bahati nasibu: kijana hachagui hakimu, na mahakimu wengine ni wepesi wa kufunga kuliko wenzao. Hivyo waliweza kulinganisha vijana wanaofanana, tofauti yao kubwa ikiwa ni nani aliyeketi kitini siku ile. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba kufungiwa kulipunguza uwezekano wa kumaliza shule ya sekondari kwa pointi 13 za asilimia na kuongeza ule wa kufungwa jela ukubwani kwa pointi 23 za asilimia.

Marekani yenyewe imebadilika sana. Mwaka 2000, vijana 108,800 walikuwa wamezuiliwa katika vituo vya watoto katika siku moja ya hesabu. Kufikia 2022 walibaki 27,600. Katika kipindi hicho idadi ya vijana wanaokamatwa nayo ilishuka. Jimbo la California lilifunga magereza yake ya mwisho ya vijana yaliyoendeshwa na serikali ya jimbo mwezi Juni 2023. Pengo la rangi, hata hivyo, halijazibika: kijana mweusi bado hufungiwa mara kadhaa zaidi ya mweupe. Duniani kote, UNICEF ilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wapatao 261,000 huwa kizuizini siku yoyote ile.

Uganda ilichagua njia iliyo karibu zaidi na kijiji. Sheria yake ya watoto ya mwaka 1996 iliyapa mabaraza ya mtaa uwezo wa kusikiliza makosa madogo ya watoto, kama wizi, kupigana na kuharibu mali, na kuyamaliza kwa upatanisho, fidia, radhi au onyo. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha gerezani, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 wilaya ya Temeke, Dar es Salaam, ilianza mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa palepale mtaani kwao. Shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia, iko moja, Irambo mkoani Mbeya. Mtoto wa Mwanza akipelekwa huko, mama yake ana safari ya kuvuka nchi ili akamwone.

Sheria hizi zote zina mahali pamoja pa kukwama. Mpango wa nje ya mahakama unahitaji mtu mzima wa kumpokea mtoto na kuahidi kumsimamia. Mtoto wa mwenye uwezo hufuatwa kituoni na baba aliyeongozana na wakili, na mara nyingi hulala nyumbani usiku uleule. Wa mtaani hana wa kumfuata, basi anabaki mahabusu, hata kama wote wawili waliiba simu moja. Uganda ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwatumia watu wa kujitolea, majirani waaminifu wanaokubali kukaa na mtoto wakati shauri lake likishughulikiwa. Hatua hiyo ina gharama ndogo kuliko kujenga kituo kipya, na inastahili kuigwa.

Hatari nyingine ni kuchanganya njia hii na kesi za kumalizwa kienyeji. Binti akibakwa, kisha wazee wakakubaliana mbuzi watatu, hapo hakuna haki iliyotendeka. Polisi akipokea kitu kidogo na kumwachia kijana, hakuna lililorekebishwa. Mpango wa kisheria huandikwa, husimamiwa na afisa, na una siku ya kuanza na ya kumalizika.

Mzazi akipigiwa simu kwamba mwanawe yuko kituoni, aende mwenyewe, tena na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu kijana mrefu asiye na karatasi huandikwa kwa urahisi kuwa ana miaka 18. Aulize mwanawe amewekwa na nani, kama afisa wa watoto au wa ustawi wa jamii amearifiwa, na kama shauri linaweza kumalizwa kisheria bila kufika mahakamani. Na aliyekamatwa akiwa mtoto asiye na wa kumfuata, jirani anaweza kupiga simu kwa niaba yake. Kenya, Uganda na Tanzania namba ya msaada kwa watoto ni moja: 116.