Mabingwa Wanane wa Tiba ya Macho, kwa Vipimo vya Arusha

Mlima Meru una mita 4,566, na asubuhi isiyo na mawingu mtu wa Arusha huuona bila hata kuutafuta. Mwenye mtoto wa jicho huona ukungu tu. Kumrudishia mlima wake, dunia nzima imeingia mashindanoni, na washindi ndio hawa. Tunahesabu kutoka wa nane hadi bingwa.

8. Mkongwe: lenzi ya Ridley

Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Dkt. Harold Ridley alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki ndani ya jicho. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki vya vioo vya ndege za kivita vilikaa machoni mwa marubani bila jicho kuvikataa. Lenzi hiyo iliutangulia Uhuru wa Tanganyika kwa miaka 12, na mpaka leo upasuaji wa mtoto wa jicho ni kati ya unaofanywa kwa wingi zaidi duniani.

7. Mwenye kasi: ncha ya Kelman

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Mmarekani Charles Kelman alianza kuvunjavunja mtoto wa jicho kwa ncha inayotetema, wazo alilolipata kwenye kiti cha daktari wa meno. Ncha ya namna hiyo hupiga kama mara 40,000 kwa sekunde. Sensa ya 2022 ililihesabia Jiji la Arusha watu 617,631. Ikimgongea kila mkazi hodi moja, kuanzia Moshono hadi Sombetini, itamaliza jiji zima kwa sekunde 16!

6. Kidogo: iStent inject

Kimrija hiki hupandikizwa ndani ya jicho lenye presha ili maji yapate njia ya kutoka. Urefu wake ni milimita 0.36. Panga vitatu kwa mstari, na safu yote ni kama punje moja ya ulezi.

5. Chembamba: PRIMA

Ni kipande cha milimita 2 kwa 2 kinachowekwa chini ya retina ya mtu ambaye uzee umemla sehemu ya katikati ya uoni. Unene wake ni milimita 0.03: vitatu vikibebana ni kama unene wa karatasi moja ya daftari. Miwani yenye kamera hukirushia picha kwa mwanga usioonekana, nacho huziamsha seli za retina zilizobaki. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2025. Kati ya wagonjwa 32 waliopimwa baada ya mwaka mmoja, idadi ya kujaza Coaster moja, 26 walikuwa wakiona vizuri zaidi.

4. Adui mkubwa wa mlima: povu la gesi

Retina ikibanduka, daktari anaweza kuweka povu la gesi ndani ya jicho liibane mpaka ishike. Ukitoka geti la Momella, mita 1,500, hadi kilele cha Meru, povu hilo linataka kutanuka kwa karibu nusu ya ukubwa wake. Pakiti ya krispi huvimba njiani kwa sababu hiyo hiyo, ila pakiti ina nafasi ya kuvimba. Jicho halina, na presha inayopanda humo inaweza kulipofusha. Mpaka daktari athibitishe kwamba gesi imekwisha, mlima usubiri, na ndege ya KIA isubiri pia.

3. Ghali: Luxturna

Tiba hii ya jeni ni ya upofu wa kurithi unaotokana na hitilafu ya jeni ya RPE65. Ilipoingia sokoni Marekani bei ilikuwa dola 425,000 kwa jicho, dola 850,000 kwa yote mawili. Sasa iweke kando ya lenzi ya mtoto wa jicho. Kiwanda cha lenzi cha shirika la Fred Hollows kilifunguliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1994, na lenzi iliyokuwa zaidi ya dola 100 ikashuka chini ya dola 10. Kwa bei hiyo, fedha za mgonjwa mmoja zinanunua lenzi 85,000. Ujaze Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, watu 20,000, umpe kila mmoja lenzi mbili. Uujaze tena, ugawe tena. Bado una lenzi 5,000 mkononi!

2. Kubwa: vita dhidi ya trakoma

Ugonjwa wa vikope hugeuza kope zikaelekea ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Longido na Ngorongoro bado wanapambana nao. Dozi za dawa ya azithromycin zilizotolewa bure duniani na kampuni ya Pfizer zimepita bilioni 1, zaidi ya mara 16 ya Watanzania wote wa Sensa ya 2022. Anayeigawa habebi mizani; ana fimbo yenye alama. Mtoto husimama wima, visigino vikiwa vimegusa fimbo, na urefu wake ndio unaosema apewe kiasi gani. Kahe Mpya, wilayani Rombo, karibu wakazi wote 978 walimeza dawa, na waliobaki na dalili wakapewa mafuta ya macho. Maambukizi yalishuka kutoka asilimia 9.5 hadi 0.1 kwa miaka miwili.

1. Bingwa: leza ya KCMC

Kombe linakwenda Moshi, kama kilomita 80 kutoka Mnara wa Saa wa Arusha. Pale hospitali ya KCMC wagonjwa 201 wenye presha ya macho waligawanywa: wengine matone ya timolol, wengine leza. Pigo moja la leza hiyo huchukua nanosekunde 3. Mwanga, unaokwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, katika muda huo haujamaliza yadi moja ya kitenge!

Matokeo ya mwaka mmoja yalichapishwa 2021. Matone yalifaulu kwa macho 55 kati ya 176, asilimia 31. Leza, baadhi wakirudiwa, ilifaulu kwa macho 106 kati ya 174, asilimia 61. Matone yanadai mkono usiosahau, kila siku, maisha yote. Leza inadai nauli ya Moshi, na tarehe ya kurudi kliniki.