Tiara na chupa ya soda: Picha za angani bila droni

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka na droni kwenye mzigo anajua usumbufu wake. Kenya na Tanzania zinataka vibali vya kuiingiza na kuirusha, na isiyo na karatasi inaweza kuishia forodhani. Lakini kipo chombo cha zamani zaidi cha kupiga picha kutoka juu: tiara, ambayo wengine huiita kishada.

Mfaransa Arthur Batut alifanya hivyo mwaka 1888. Mwaka 2010, mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka katika Ghuba ya Meksiko, safari za ndege juu ya eneo hilo ziliwekewa mipaka. Wakazi wa pwani ya Louisiana na wenzao walirusha maputo na tiara zenye kamera za bei ndogo, wakapata zaidi ya picha 100,000. Waliziunganisha kuwa ramani za ufukwe wao ulioingia mafuta.

Chombo chenyewe hutengenezwa nyumbani. Chupa ya soda ya plastiki hukatwa kitako, kamera ndogo ikawekwa ndani, lenzi ikitazama chini. Kamera hutegeshwa ipige picha mfululizo. Ile inayopiga mfululizo kitufe kikibanwa tu hufungwa raba bendi juu ya kijiwe kinachobana kitufe.

Tiara hupandishwa kwanza. Ikitulia, chupa hufungwa kwenye uzi, makumi ya mita chini ya tiara, ili mitikisiko isiharibu picha. Kisha uzi huongezwa. Uzi uwe imara, na mkono uwe na glovu, kwani uzi unaokimbia hukata ngozi.

Tiara isirushwe karibu na nyaya za umeme, wala wakati wa radi. Jirani na uwanja wa ndege au kituo cha mpakani, ruhusa iombwe kwanza.

Kwa wafanyabiashara, faida ni ushahidi. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kisichowahi kurekodiwa, yakafunika mialo na masoko ya ufukweni nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenye kibanda asiye na picha hubaki na maneno matupu. Picha mbili za juu, moja ya kabla na nyingine ya baada, huonyesha kibanda kilisimama wapi na maji yalifika wapi.